Oili ya mashine ya boti: ununue ya kawaida au sintetiki?

Kabla ya kubishania sintetiki (oili iliyoundwa kiwandani kwa kemikali), geuza kopo usome mgongoni. Mashine ya kuchanganya oili na petroli inataka oili yenye alama ya TC-W3. Mashine yenye oili yake ndani, inayomwagwa na kubadilishwa kama ya gari, inataka FC-W. Kopo lisilo na alama hizo liache dukani, hata likiwa limeandikwa sintetiki kwa herufi za dhahabu. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa iache pia, maana huna namna ya kujua ni nini. Rangi ya bluu si ushahidi kwamba ni TC-W3.

Kwa boti za abiria na mizigo zinazotoka Kibirizi, Kigoma, kwa mwendo mkubwa, nafasi ya kwanza tunaipa TC-W3 ya kawaida. Kwenye mashine ya kuchanganya, oili haizunguki, inaungua na petroli na kutoka na moshi. Kwa hiyo sifa kubwa ya sintetiki, kudumu muda mrefu bila kuchakaa, haipati nafasi ya kufanya kazi. Nusu sintetiki, yaani mchanganyiko wa hizo mbili, inafuata, kisha sintetiki kamili.

Kwa mvuvi wa dagaa mpangilio unageuka: nusu sintetiki kwanza. Usiku mashine inanguruma polepole kwa muda mrefu, joto halitoshi kuunguza oili yote, na masizi yanakaa kwenye plagi, ringi za pistoni na matundu ya eksozi. Ringi zikinata, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inashuka na mashine inakuwa ngumu kuwaka. Oili yenye sintetiki ndani yake inaacha masizi machache. Fungua plagi uitazame: ncha ya kahawia ni nzuri, ikiwa nyeusi na imelowa oili, kagua kwanza kipimo chako cha kuchanganya kabla ya kulaumu kopo.

Kipimo cha kawaida ni 50:1, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20, labda kitabu cha mashine kiseme vingine. Mimina nusu ya petroli, weka oili, tikisa, kisha jaza iliyobaki. Kuzidisha oili "ili mashine iwe na nguvu" ni kosa: petroli inapungua kwenye mchanganyiko, mashine inapata joto zaidi na plagi zinachafuka. TC-W3 ya kawaida na ya sintetiki zinaweza kuchanganywa bila shida.

Kwa mashine ya FC-W, sintetiki inasaidia kweli, lakini isikufanye uchelewe kubadilisha. Nyingi zinataka oili mpya kila saa 100, na mashine mpya mara ya kwanza baada ya saa 20 hivi. Oili ya kawaida iliyobadilishwa kwa wakati ni bora kuliko sintetiki iliyopitiliza.

Mwisho kabisa, usichanganye petroli na oili ya gari. Ina kalisiamu na zinki zinazoacha majivu. Majivu hayo yakiwaka juu ya pistoni yanawasha petroli kabla ya plagi, na pistoni inaweza kutoboka. Oili ya pikipiki ya kuchanganya nayo iache: imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, si maji.

Ukiwa dukani chukua na oili ya gia inayotajwa kwenye kitabu. Ile ya zamani ikimwagika ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia: vua propela, ondoa uzi wa nyavu uliojisokota kwenye shafti, na ubadilishe sili (mpira wa kuzuia maji) kabla ya kujaza mpya.