Kisu cha kukunja ukiweke wapi? Njia za kubebea, kuanzia bora hadi ya kuachana nayo, kwa mtu wa Dodoma

Kwa mwenye shamba la zabibu Mpunguzi, mfugaji wa Kongwa, fundi umeme wa Nkuhungu au dereva wa bodaboda, kisu kidogo cha kukunja ni kifaa cha kazi. Kinakata kamba, kinafungua gunia, kinamenya waya, kinamega chungwa. Muuzaji atakueleza habari za makali na mpini mpaka uchoke, lakini ni nadra akuulize utakiweka wapi ukishalipa. Na ni hapo hapo visu vingi vinapopotea, vinapojaa mchanga, au vinapomtia mwenyewe matatani mlangoni pa ofisi ya watu. Mimi nasema chagua kwanza utakavyokibeba, ndipo uchague kisu.

Hapa kwetu kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni vumbi. Dodoma ni nchi kame. Mvua ni chache na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo, na lile vumbi letu laini linaingia hadi kwenye tundu la chaji la simu, sembuse kwenye bawaba ya kisu. Likikutana na mafuta linageuka tope linalosaga chuma, na kisu kilichokuwa kinafunguka kwa kidole kimoja kinaanza kulia na kukwama.

La pili ni watu. Huu ni makao makuu ya serikali, na milango mingi ina mlinzi au mashine ya ukaguzi. Kanuni ya Adhabu nayo inakataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Kisu kilichokunjwa, kilichofunikwa, cha mtu anayetoka shambani, kila mtu anakielewa. Kinachochungulia mfukoni stendi saa nne usiku kinahitaji maelezo, na si kila anayeuliza ana subira ya kuyasikiliza.

1. Kifuko cha ngozi ndani ya mfuko wa suruali

Hii ndiyo njia ninayoiweka juu ya zote, na wakazi wengi wa mjini hawahitaji kusoma zaidi ya hapa. Ni kifuko chembamba cha ngozi, kimeshonwa pande mbili na chini, juu kiko wazi, na ukubwa wake ni wa kisu chako. Unakitumbukiza ndani ya mfuko wa kadeti au jinzi, kinasimama wima. Mtu wa nje haoni kitu. Kisu hakigusani na sarafu wala hakikwaruzi kioo cha simu, na vumbi la mfukoni halifiki kwenye bawaba. Mlinzi akitaka kuona ulichonacho, unamkabidhi kifuko na kisu chake kikiwa kimelala humo, bila kuonyesha makali kwa mtu.

Usitafute cha dukani. Nenda kwa fundi anayeshona makubazi, kwa sababu ana vipande vya ngozi nene vilivyobaki na mkono wake umezoea kushona ngozi. Nenda na kisu chenyewe. Ukimpa vipimo vya kukisia atakushonea kitu kipana na kisu kitakuwa kinacheza. Omba ngozi ya milimita 2 hivi. Iliyo nyembamba kuliko hapo hulala mfukoni na kukilaza kisu pamoja nayo, na iliyo nene zaidi hutuna pajani. Mwambie aanze kwa gundi ukingoni, kisha apitishe uzi wa nailoni uliopakwa nta, na pale mdomoni arudie mshono mara mbili, maana hapo ndipo kifuko huanza kufumuka. Kisu kikishaingia, mpini ubaki nje kama sentimita moja na nusu ili vidole vipate pa kushika.

Uliza pia ngozi imetiwa dawa gani. Iliyotengenezwa kwa magome ya miti, ile ngumu yenye rangi ya udongo, hukubali kufinyangwa. Unailowesha kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, unakizungushia kisu nailoni, unakiingiza, halafu unabonyeza kwa vidole gumba kuzunguka umbo lake hadi mstari wa mpini utokeze kwa nje. Kiache kivulini usiku kucha. Usikianike, kwa sababu jua letu hukausha ngozi iliyolowa upesi mno, ikakakamaa na kupasuka kwenye mshono. Ngozi laini ya mikoba haishiki umbo hata ukiilowesha siku nzima, ila hata hiyo inafaa mradi imeshonwa ikiwa imebana. Kabla ya kulipa, geuza kifuko juu chini, ukitikise. Kisu kikianguka, mrudishie fundi akaze mshono.

Kifuko hiki kinakifaa hasa kisu cha Opinel cha Ufaransa, ambacho hakina mahali pa kukining'iniza popote. Namba 8, ambayo ndiyo watu wengi huanza nayo, ina makali ya sentimita 8.5 na ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Mpini wake ni wa mti. Ukipata unyevu unavimba na kisu kinakuwa kigumu kufungua. Wakati wa kiangazi unasinyaa na kisu kinalegea. Kwa hiyo ukinunua, hakikisha ile pete ya chuma shingoni mwake inafunga kisu kikiwa wazi na kikiwa kimekunjwa pia. Pete ya zamani, iliyoanza mwaka 1955, ilifunga kikiwa wazi tu. Zilizotoka tangu mwaka 2000 zinafunga pande zote mbili. Kwa ukavu wa Dodoma ningechukua hiyo ya pili bila kufikiri mara mbili.

Jambo moja la kuangalia: ngozi hutunza unyevu. Kama kisu chako ni cha chuma cha kawaida kinachoshika kutu, masika usikilaze ndani ya kifuko. Kifute, kiache nje hadi asubuhi.

2. Ala ya mkandani yenye kifuniko

Kwa anayeshinda shambani, machungani au juu ya paa, hii inapanda kuwa ya kwanza. Ukiwa umechuchumaa chini ya mizabibu huku mkono mmoja umeshika kishada, kuingiza mkono mwingine kwenye mfuko wa suruali iliyobana ni kazi. Ala iko kiunoni, unafungua kifuniko, unatoa kisu, unakata, unarudisha.

Watu wengi hununua ala inayoning'inia wima. Ni nzuri ukiwa umesimama. Ukikaa kwenye pikipiki au trekta, mpini unakuchoma ubavuni, na baada ya muda utaivua uiweke begini na mwisho utaisahau nyumbani. Mwambie fundi ashone ala ya kulala, yaani kisu kikae sambamba na mkanda, mbele kidogo ya nyonga, upande usio wa mkono wako wa kazi. Hapo unaweza kukaa, kuinama na kupanda pikipiki bila kuikumbuka.

Kifuniko ni lazima, na kifungo kiwe cha kubonyeza au ulimi wa ngozi unaopita kwenye kitanzi. Kataa zile za turubai zenye ukanda wa kunata. Mbigili na mbegu za majani zinaujaa ule ukanda ndani ya msimu mmoja, nao unaacha kushika, na siku utakayogundua ni siku ambayo kisu kimeshaanguka porini.

Ukiingia mjini, ivue. Ala kiunoni kwenye foleni ya benki inawapa watu wasiwasi bila sababu, hata kama ndani kuna kisu cha kumenyea embe.

3. Klipu ya mfukoni

Hii ni ile sahani ndogo ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa kisu, inayobana ukingo wa mfuko. Spyderco ya Marekani ndiyo iliyoileta sokoni kwenye kisu chake cha mwaka 1981, na leo visu vingi vya kisasa vinakuja nayo. Uzuri wake ni wepesi: kisu hakizami mfukoni, kinabaki palepale ulipokiweka, na unakitoa kwa vidole viwili.

Kwa Dodoma naiweka ya tatu kwa sababu sehemu ya juu ya kisu inabaki inaonekana. Kwenye daladala, sokoni Majengo au katika umati wa Nanenane kule Nzuguni mwanzoni mwa Agosti, kinachoonekana kinachomolewa. Na mlinzi aliyezoea kazi yake ataitambua klipu kabla hujamsalimia.

Ukiipenda pamoja na hayo, nunua yenye klipu inayokizamisha kisu kabisa, ukingo wake ukilingana na mfuko. Angalia pia kisu kinakaa vipi: visu vingi vyenye klipu hukaa ncha ikitazama juu. Hicho kikae kimegandamana na mshono wa nyuma wa mfuko, upande yanakofungukia makali ukiutazama mshono huo, ili kikitaka kufunguka kitambaa kikizuie. Kikielea katikati ya mfuko na kikafunguka kidogo tu, mkono wako ndio utakaokutana na makali. Na kila baada ya wiki chache kagua skrubu. Barabara za vumbi zenye matuta hulegeza kila kitu kwenye pikipiki, na skrubu hizi ni ndogo, zenye tundu la nyota ya pembe sita; bisibisi yake utaikuta kwa fundi simu.

4. Kibegi cha kiunoni au begi la kazi

Akina mama wengi wanaovuna na kuuza zabibu hawana mfuko wa kutegemea, kwani gauni na kitenge havina nafasi hiyo. Kibegi cha kiunoni chenye zipu, kile cha kuwekea chenji, kinafaa sana, mradi kisu kiwe ndani ya kifuko chake na kikae chumba tofauti na pesa. Ukiingiza mkono kutafuta noti ya elfu mbili, hutaki vidole vikutane na kisu kwanza.

Fundi mwenye begi la vifaa akiweke mfuko wa pembeni, mahali pamoja siku zote. Ubaya wa begi ni kwamba kisu kinakaa mbali nawe, nawe utaishia kukata waya kwa meno.

5. Kwenye ringi ya funguo

Kwa visu vidogo tu. Victorinox ya Uswisi ina ukubwa wa milimita 58 uliotengenezwa kwa kazi hii, wenye mkasi mdogo na makali mafupi ya kufungulia bahasha na kukata uzi. Kisu kikubwa kuliko hicho kinavuta funguo na kutoboa mfuko. Tena ukifunga funguo za pikipiki na kisu pamoja, kisu kitaning'inia kwenye swichi mwendo mzima, kikigonga na kuchubua. Tumia ringi mbili zinazoachana kirahisi, ili mahali pasiporuhusu kisu ukiache na kuingia na funguo zako.

6. Mfukoni hivihivi

Ndivyo wengi wanavyobeba. Kisu kinalala chini ya mfuko pamoja na sarafu, pamba za kitambaa na mchanga, na kila ukikaa kinageuka. Visu vya Okapi vinanisumbua zaidi kwa njia hii. Ni visu vya kale kwetu Afrika: vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake, nchi yetu ikiwemo, na tangu mwaka 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Vingi vina pete mgongoni ya kuachia kufuli, na mfukoni pete hiyo hunasa kwenye uzi au funguo. Ukivuta ufunguo, umeivuta na pete. Okapi ni kisu kizuri cha kazi. Kishonee kifuko kitakachoifunika pete.

Nisizozishauri kabisa

Usikivae shingoni kwa kamba. Ukianguka na pikipiki, kamba inakaba na kisu kiko kifuani. Usikichomeke kwenye soksi wala buti. Atakayekiona hapo hatakuwa na sababu ya kuamini kwamba ni cha kazi. Na usikifunge kwenye pindo la khanga kama pesa. Pindo linafunguka ukiwa umembeba mtoto, na mtoto ndiye wa kwanza kukiokota.

Usafi na safari

Popote utakapokiweka, kisafishe kiangazi chote. Mswaki wa zamani na maji ya moto yenye sabuni, piga ndani ya bawaba, kung'uta, futa, kisha kikauke kabisa kikiwa wazi. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba linatosha; fungua na kufunga mara kadhaa, halafu futa yanayotoka nje. Mafuta mengi ndiyo yanayokusanya vumbi.

Ukisafiri kwa ndege, kisu kinaingia kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, kamwe si la mkononi, hata kile cha milimita 58. Ukienda Bungeni au kwenye ofisi zenye ukaguzi, kiache nyumbani tangu asubuhi. Kwa treni ya SGR, mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kupanda, hivyo uliza mapema kwa wahudumu wa stesheni, siyo ukiwa kwenye mstari dakika tano kabla ya kuondoka.