Grafiti niliyoagiza Dar: vijiti safi, unga hapana

Nafundisha Kemia sekondari hapa Tabora, na kila mwaka mada ya elektrolisisi, yaani kuchambua kemikali kwa umeme, inanikuta sina vijiti vya kupitishia umeme. Safari hii niliagiza duka moja la vifaa vya maabara Dar: vijiti viwili vya grafiti, na unga wake gramu 250. Mzigo ulikuja kwa basi, ukafika kesho yake. Hapo sina neno.

Vijiti ni vizuri mno. Vimenyooka, rangi ya kijivu yenye mng'ao, mita ya ukinzani ikasoma karibu na sifuri, yaani umeme unapita vizuri. Unga ndio ulioniumiza. Kopo limeandikwa grafiti, lakini ndani mna kitu cheusi tii kinachokwaruza vidole. Grafiti huteleza, na humwachia mtu mkono unaong'aa. Nikaushindilia ule unga kwenye ganda la kalamu, misumari huku na huku, nikapima: mita kimya, umeme haupiti. Nikaweka kidogo kwenye kijiko juu ya moto, ukaiva mwekundu, likabaki jivu. Mkaa uliosagwa! Nilipopiga simu nikajibiwa, "Mwalimu, si yote ni kaboni?"

Ni kaboni kweli. Hata almasi ya Mwadui, kwa jirani zetu wa Shinyanga, ni kaboni. Ila katika almasi kila atomu imeshikana na wenzake wanne, elektroni zote zimefungwa, basi ni ngumu na umeme haupiti. Katika grafiti imeshikana na watatu tu, kwa tabaka zilizolaliana kama chapati kwenye sahani. Elektroni ya nne inatembea ndani ya tabaka, na tabaka zenyewe zinateleza. Mkaa wetu wa kupikia una vipande vidogo vya tabaka hizo, vimevurugika na kujaa matundu, umeme unakosa njia. Na msitofautishe mkaa na grafiti kwa kuangalia kinachoelea majini: unga laini wa grafiti nao huelea kwa kuwa haushiki maji, na ndivyo viwandani wanavyouopoa kwenye mawe yaliyosagwa, kwa mapovu.

Inaniuma zaidi kwa sababu grafiti tunayo nchini, Mahenge na Ruangwa.

Mwalimu asiye na fungu aende kwa mafundi redio. Mimi nilipata betri kubwa 14 zilizokwisha, zile za bei nafuu za zinki na kaboni. Katikati ya kila moja mna kijiti. Vaa glovu, fungua nje penye hewa, maana ule weusi unaokizunguka una oksidi ya manganisi na haufai kuvutwa puani. Kisha kisugue kwa msasa. Betri za alkalaini ziache kabisa: kijiti hamna, na maji yake yanaunguza ngozi.

Jumatano Kidato cha Tatu walivitumbukiza vijiti kwenye maji ya mrututu (salfeti ya shaba) na kupitisha umeme. Kabla kipindi hakijaisha, kijiti cha upande wa hasi kilikuwa kimevaa shaba nyekundu, na madawati ya nyuma yote yamehamia mbele.

Vijiti nitanunua tena palepale. Unga, mpaka wanipimie kwa mita nikiona kwa video.