Roboti ya kufagia: ya leza au ya kamera?

Maneno "akili mnemba" kwenye boksi humvuta mnunuzi mmoja na kumtisha mwingine. Wote wawili wangeanza na swali moja: roboti hii inaionaje nyumba?

Ya leza ina kibanda cha duara mgongoni kinachozunguka na kupima umbali hadi ukutani. Inachora ramani hata gizani na leza yenyewe haipigi picha ya mtu. Vioo vikubwa huichanganya, na kwa kimo cha sentimita 10 hivi inaweza kukwama chini ya kochi, kwa hiyo pima kwanza. Soksi na waya wa chaji haivioni, maana miale hupita juu yake. Okota kabla ya kuiwasha.

Ya kamera hutambua waya na kinyesi cha mbwa ikavikwepa. Hapa akili mnemba inafanya kazi ya kweli, na hapa hofu ya watu ina msingi. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilifichua kwamba picha zilizopigwa na roboti za majaribio za kampuni ya iRobot, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilivuja kupitia vibarua wa kuziwekea picha lebo, yaani kuandika kilichomo ili akili mnemba ijifunze. Kampuni ilisema roboti hizo hazikuwa za madukani na waliokuwa nazo walikubali kurekodiwa. Hata hivyo, usinunue ya kamera kabla ya kujua kama picha huchambuliwa ndani ya roboti yenyewe, na kama kutuma data kunazimika kabisa. Kwetu, ya leza inashinda, hata kama utainama kuokota soksi.

Mengine ni ya mikono. Nywele hujisokota kwenye brashi kuu hadi mota ikalemewa: zikate kwa mkasi kila wiki. Kichujio kinachooshwa kikauke saa 24, la sivyo vumbi hugandamana na nguvu ya kuvuta hupungua. Kituo cha chaji kiachie nusu mita kila upande na mita moja na nusu mbele. Roboti ikigoma kuunganishwa na simu, mara nyingi ni kwa sababu inapokea Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz tu, si ya 5 GHz.

Na zulia jeusi: hufyonza mwanga wa vitambuzi vya tumboni, roboti ikadhani imefika ukingo wa ngazi na kurudi nyuma. Kuvifuta vumbi hakusaidii hapo. Mwenye mazulia meusi aijaribu juu yake kabla ya kulipa.