Hiace au Caravan: soma chesisi kabla ya kusoma bei

Ziegeshe ubavu kwa ubavu Toyota Hiace ya kizazi cha 200, iliyotoka 2004, na Nissan Caravan E26, ile iliyouzwa Japani kwa jina la NV350 kuanzia 2012 hadi 2021. Ukichukua futi kamba utadhani ni gari moja. Urefu milimita 4695 zote mbili. Upana 1695 zote mbili. Kimo 1980 kwa Hiace, 1990 kwa Nissan. Hapa tunazungumzia bodi ya kawaida, siyo ile pana wala ile ndefu ya kina Commuter. Kufanana huku hakukuja kwa bahati: Japani ina daraja la namba kwa gari ndogo za mizigo, mwisho wake ni mita 4.7 kwa 1.7 kwa 2, na mafundi wa kampuni zote mbili walijaza kisanduku hicho hadi ukingoni. Nissan walibana humo sakafu ya mizigo ya milimita 3050, Toyota wana 3000. Sentimita tano. Hakuna aliyewahi kununua gari kwa sentimita tano.

Tofauti iko chini ya viti vya mbele, kwenye injini, na injini unaijua kabla hujainua kiti. Tafuta kibao cha chesisi. Kwa Toyota, herufi za mwanzo ndizo injini: TRH ni petroli ya familia ya TR, KDH ni dizeli ya KD, GDH ni dizeli mpya ya GD, LH ni zile kongwe za 2L, 3L na 5L. Tarakimu zinamalizia habari. KDH200 ni 2KD ya cc 2494, KDH201 ni 1KD ya cc 2982, KDH206 ni hiyohiyo 1KD ila inavuta magurudumu yote manne. TRH200 ni 1TR ya lita 2.0. Ile 2TR ya lita 2.7 utaikuta kwenye bodi pana, TRH214 na TRH219 kwa mfano. Kwa Nissan angalia herufi ya pili: R ni petroli ya lita 2.0 aina ya QR20, S ni QR25, na W ni dizeli. Hapo kwenye W kuwa makini, maana VWE25, Caravan ya kizazi kilichotangulia, ni ZD30 na VW2E26 ni YD25, injini mbili zisizo na undugu wowote.

Kwa nini tung'ang'anie herufi? Kwa sababu anayekutangazia "Hiace dizeli ya 2007" hajakuambia kitu. Agosti mwaka huo Toyota waliitoa 2KD kwenye Hiace za Japani wakaweka 1KD, na pamoja nayo ikaja chujio ya masizi kwenye ekzosi, DPF. Gari mbili za mwaka mmoja, sura moja, rangi moja, na gharama za miaka mitano mbele ni mbalimbali kabisa.

Tuanze na 1KD, kwa kuwa ndiyo injini inayosifiwa sana na ndiyo inayoua watu mifuko. Ikiwa nzima ni injini tamu. Inapoharibika, mara nyingi chanzo ni kitu kidogo kuliko sarafu: washa ya shaba, yaani kipete bapa, inayokaa chini ya kila nozeli inayopulizia dizeli kwenye silinda. Washa ikichoka, moto wa kwenye silinda unapenya pembeni mwa nozeli na kupanda hadi chini ya kava la valvu, unaichoma oili pale juu na kuigeuza masizi mazito kama lami. Masizi yanashuka na oili hadi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, yanaziba chujio ya waya iliyo mdomoni mwa bomba la kunyonyea oili, na kuanzia hapo injini inanyonya kwa tabu. Tabo, feni inayosukuma hewa kwenye injini, inatangulia kufa, mabelingi ya kuzungushia kreki yanafuata. Dereva anasema "injini imenoki ghafla". Hapana. Ilikuwa inakufa kwa maelfu ya kilomita.

Kuipima haihitaji kompyuta. Iwashe ikiwa baridi, asubuhi, kabla mwenye gari hajaipasha. Inua kiti cha mbele cha abiria, legeza kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, na sikiliza. Ukisikia mlio wa kupumua, tsh-tsh-tsh, unaokwenda na mapigo ya injini, na moshi ukatoka kwa kusukumwa badala ya kufuka taratibu, washa zinavuja. Kisha ingiza kidole upande wa ndani wa mdomo wa oili. Oili nyeusi ni kawaida ya dizeli. Tope gumu linaloshika kidole si kawaida. Ukishanunua, shusha sampu mara moja uone ile chujio ya waya kwa macho yako, badili washa zote nne kwa pamoja, na usirudishie za zamani hata kama fundi anakuapia kwamba bado nzima. Shaba ikishabanwa mara moja haikai tena vilevile. Nozeli mpya ikiwekwa, namba iliyochorwa kichwani mwake inaingizwa kwenye kompyuta ya gari. Fundi asiye na mashine ya kufanya hivyo atakuachia injini inayogonga na kutetema.

Mkanda wa taimingi wa KD badili kila kilomita 100,000. Taa ya T-BELT inayowaka kwenye dashibodi isikufariji wala kukutisha, kwa kuwa inahesabu kilomita tu na fundi yeyote anaizima bila kugusa mkanda. Ukiona kilomita 180,000 na hakuna risiti ya mkanda, hesabu kuwa haujabadilishwa. Na gari ikianza kupandisha na kushusha sailensa yenyewe ikiwa moto, au ikazimika ukisimama kwenye foleni, mwambie fundi aanze na valvu ndogo ya kunyonyea iliyo kwenye pampu ya dizeli, wenyewe wanaiita SCV. Watu wengi wameuziwa pampu nzima kwa kosa la valvu hiyo.

Sasa DPF. Chujio hii inakusanya masizi, halafu gari linayachoma lenyewe kwa kupandisha joto la ekzosi hadi karibu nyuzi 600. Joto hilo linapatikana barabarani kwa mwendo wa kutulia. Gari linalotoka kituo hadi kituo kila mita 400, Mbagala hadi Kariakoo, halifiki huko kamwe. Chujio inajaa, taa inawaka, nguvu zinapungua. Dawa ya mtaani ni kuitoboa matumbo. Lakini 1KD za Japani zina nozeli ya tano inayomwaga dizeli kwenye ekzosi kwa kazi hiyo ya kuchoma, na kama programu ya kompyuta haikubadilishwa, nozeli inaendelea kumwaga kwenye bomba tupu. Ule moshi mweupe unaofunika barabara nzima mara nyingi umetoka hapo.

GDH yenye 1GD ya cc 2754, iliyoingia kwenye Hiace ya Japani mwishoni mwa 2017, imeondoa mkanda ikaweka cheni, jambo jema. Imeongeza tangi la urea, maji yanayoitwa AdBlue, jambo la kufikiria mara mbili: yakiisha na ukazima injini, haiwaki tena hadi uyajaze. DPF ya injini hii ilifikishwa hadi mahakamani Australia, ilikofungwa kwenye Hilux, Prado na Fortuner, na mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho iliwapa haki wenye magari. Huko mafuta ni safi na barabara ndefu. Kwa Kenya, ambako gari la mtumba halipiti bandarini likizidi miaka 8, ndiyo dizeli pekee ya Hiace inayoagizwa sasa; 1KD unaipata iliyokwishaingia nchini tu.

Upande wa Nissan, ZD30 yenye tabo tungeipita bila kusimama. Ni injini ileile iliyoipa Patrol Y61 sifa mbaya ya kuyeyusha pistoni. Kipima hewa kikichafuka kwa mvuke wa oili kinaidanganya kompyuta, tabo inasukuma kuliko inavyotakiwa, na pistoni inalipa. Wapo wanaoitunza ikawafaa. Wengi hawataiweza, na bei yake rahisi mnadani ina sababu.

YD25 ya E26 ni habari nyingine, na hapa ndipo tunapowashangaza wapenzi wa Toyota. Nguvu farasi 129 tu, wakati 1KD ya mwisho ina 144. Lakini nguvu ya kuvuta ni Nm 356 kuanzia mizunguko 1400, dhidi ya Nm 300 za 1KD. Ukiipandisha mlima Kitonga na tani moja ya mzigo unaziona tofauti hizo mguuni: Nissan inabaki gia ya tatu pale Hiace inapoomba ya pili. Haina mkanda, ina cheni, na cheni ndiyo doa lake. Oili ikicheleweshwa cheni inarefuka. Utasikia mchakarisho sekunde mbili tatu za kwanza ukiwasha baridi. Ukiusikia, kata bei au ondoka. Spea zake hazisumbui sana kwa kuwa injini ya jina hilo iko pia kwenye Navara na Hardbody, ingawa si kila kipande kinaingiliana.

Petroli haina hadithi ndefu, na hiyo ndiyo sifa yake. 1TR na 2TR zina cheni, hazina tabo, hazina DPF, hazina pampu ya dizeli ya kukufilisi. Zinakufa kwa kuchemshwa tu, au kwa kuachwa bila oili. Injini imefunikwa chini ya viti, joto halina pa kukimbilia, kwa hiyo rejeta iliyoziba kidogo, feni inayoteleza au bomba la maji lililovimba linakuwa gasketi ya hedi iliyoungua ndani ya wiki. Tia kulanti, si maji ya bomba. Tatizo la 1TR ni uwezo: Nm 182 kwa gari lenye abiria 14 ni kidogo, na mlimani itakunywa mafuta kwa hasira. 2TR yenye Nm 243 ndiyo saizi yake. QR20 ya Nissan, Nm 178, ni sawa na 1TR kwa kazi. Ila usidanganywe kwamba injini ya X-Trail ya mtumba itaingia kwa kuwa jina ni QR: ile imelala kwa upande na kuvuta mbele, hii imekaa kwa urefu na kuvuta nyuma, kwa hiyo sampu, mikono ya kushikia injini na bomba za hewa ni tofauti.

Kwa hiyo: daladala ya mjini, TRH200 kwa moyo mweupe. Abiria wa safari ndefu na milima, 2TR, au 1KD yenye risiti za washa na mkanda. Mizigo mizito mikoani, E26 ya YD25, nayo utaipata kwa bei ya chini kuliko Hiace ya umri wake. Utakapoiuza, Hiace itakurudishia zaidi. Kariakoo au Kirinyaga Road, spea ya Hiace unaipata duka la tatu. Ya Caravan unaelekezwa. (Ajabu ni kwamba Kenya abiria bado anasema amepanda nissan hata akiwa amekaa kwenye Toyota.)

Kuhusu sura, Nissan ya 2012 na kuendelea ina uso ulioinama na grili ya kromu, inapendeza bila kuongezwa kitu. Hiace ni sanduku, na soko linalipenda sanduku hilo kiasi kwamba uso wa Desemba 2013, wenye grili pana, unafungwa kwenye gari za 2005. Ni bampa, grili, taa na boneti tu, kazi ya siku mbili. Kwa hiyo uso si cheti cha kuzaliwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho usome tarehe kwenye lebo iliyoshonwa chini yake, kisha linganisha na vioo. Mkanda wa 2005 kwenye uso wa 2014 umemaliza mjadala.

Jambo la mwisho linasahaulika na ni la breki. Wenye gari hizi wakipakia sana wanaongeza jani kwenye springi za nyuma. Hiace nyingi zina valvu ya breki inayosoma mzigo kwa fimbo iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma, yaani mti wa magurudumu: nyuma ikishuka, valvu inaruhusu breki zaidi nyuma. Jani likiongezwa nyuma haishuki tena, valvu inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinapunguziwa nguvu hata ukiwa na watu 14. Za mbele zinafanya kazi yote, pedi zinaisha upesi na diski zinapinda. Kabla ya kulaumu pedi feki, lala chini ya gari uangalie kama fimbo hiyo ilirekebishwa baada ya springi kuinuliwa, au kama fundi aliifunga kwa waya ikae palepale.