Sakulenti za umbo la waridi: ipi ununue kwanza, ipi uiache hapohapo kwa muuzaji

Sakulenti ni mimea inayotunza maji kwenye majani manene, na hizi za umbo la waridi majani yake yanajipanga kwa mduara kama ua. Kila mtu anataka ile inayoitwa echeveria kwa sababu ndiyo anayoiona Instagram, anainunua, miezi miwili baadaye ananitumia picha ya mmea uliooza ukawa uji. Mi nipo Dar kwa hiyo nazipanga kwa joto la huku, we wa Arusha, Njombe au Nairobi ntakwambia inapobadilika.

Namba moja haworthia, bila ubishi. Ni kadogo, kijani iliyokolea na mistari myeupe kama pundamilia, kwao Afrika Kusini inakaa kwenye vivuli vya vichaka ndo maana jua kali haiitaji, dirishani inatosha kabisa. Yangu ina miaka minne dirisha la jikoni, maji naipa nikikumbuka, na imeshazaa watoto sita nimegawa kwa majirani.

Ya pili mshubiri, alovera hiyohiyo. Najua utasema mbona bibi anao uani, sasa si ndo uzuri wake, usinunue, omba kichipukizi! Ukiwa mchanga majani yanapangana kushoto kulia tu, usidhani umepewa mbovu, mduara unakuja ukikua.

Echeveria naiweka ya tatu, na nyie wa nyanda za juu ipandisheni iwe ya kwanza. Asili yake kubwa ni milima ya Mexico, mchana jua, usiku kabaridi, sasa huku usiku wenyewe jasho na masika unyevu hadi kwenye mashuka. Ya kwanza nilitoa elfu kumi na tano, siku moja nagusa jani likadondoka lenyewe, laini limejaa maji, kuangalia chini shina jeusi tii. Ukiichukua iweke ipate jua la asubuhi na mvua isiifikie, na ule unga mweupe juu ya jani usiufute jamani sio vumbi, ni nta inayoikinga, ukishaufuta hapo haurudi.

Agave ni nzuri ila ni ndugu wa mkonge, ule Mjerumani Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alioleta Tanganyika 1893, kwa hiyo miba ya nchani ni sindano kweli. Kama una watoto wadogo au kibaraza chembamba achana nayo.

Ya mwisho sempervivum. Hiyo ni ya milima ya Ulaya, imezoea theluji, huku pwani unaitesa tu.

Sasa ukiwa kwa muuzaji usiangalie rangi kwanza, zingine zimepuliziwa rangi kabisa. Chungulia katikati pale majani yanapotokea, kukiwa na vipamba vyeupe ni wadudu wanaitwa vidung'ata, utavipeleka kwa maua yako yote ya nyumbani. Ikiwa imerefuka shingo majani yameachana ujue imekaa gizani, haitajifunga tena pale ilipoachana. Tikisa kidogo, ikicheza kwenye udongo mizizi imeoza au imepandwa jana. Na poti igeuze, haina tundu chini omba nyingine, hata kopo la plastiki lililotobolewa ni afadhali kuliko ile ya kauri inayometameta.

Udongo wa bustani changanya nusu kwa nusu na mchanga wa mto au kokoto ndogondogo. Wa baharini usiweke, una chumvi.