Kifurushi cha mapokezi kwa mwanafunzi wa elimu ya awali ughaibuni: kipi kinafaa, kipi kinakuangusha

Vifurushi vya mapokezi ambavyo vyuo na mawakala huwapa au kuwauzia wanafunzi wa kigeni vinafanana sana: gari la kukupokea uwanja wa ndege, nyumba ya mwenyeji kwa wiki nne, semina ya siku mbili tatu, rafiki mwenyeji wa kukutembeza, na namba ya simu ya dharura. Anayesomea uhasibu vinamtosha. Anayesomea malezi na elimu ya awali havimtoshi, kwa sababu wiki ya sita au ya nane hivi anatoka darasani na kuingia kwenye chumba cha watoto wa watu, katika kituo cha kulelea watoto, kwa mazoezi ya kazi. Kwa hiyo hapa kila kipande kinapimwa kwa jambo moja: je, kinakufikisha mlangoni mwa kituo ukiwa umeruhusiwa kuingia, unaelewa watoto wanasema nini, na wazazi wanaijua sura yako?

Gari la kukupokea halina shida kubwa. Hakikisha wana namba ya ndege yako, si saa ya kutua peke yake, ili ikichelewa dereva ajue. Andika anwani ya unakofikia kwenye karatasi, maana laini ya simu ya kwenu huenda isishike. Basi. Wakala anayejaza nusu ya kipeperushi chake kwa sifa za gari hajui kozi yako ikoje.

Nyumba ya mwenyeji inahitaji jicho kali zaidi. Mratibu wa makazi hupima umbali wa kutoka nyumbani hadi chuoni, akaona kazi imekwisha. Kumbe vituo vya kulelea watoto hufunguliwa mapema, vingi saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, kwa kuwa wazazi wanawahi kazini, na mwanafunzi wa mazoezi hupangiwa zamu kama walezi wengine. Kosa linalojirudia ni hili: mwanafunzi anasaini pango la mwaka mzima wiki ya pili, wiki ya tano anapangiwa kituo upande wa pili wa mji, na basi la kwanza linapita zamu ikiwa imeshaanza. Dawa yake ni kuchukua zile wiki nne, kuomba mapema ziongezwe hadi nane, na kutosaini pango refu kabla barua ya kituo haijatoka. Barua ikitoka, ijaribu njia hiyo mara moja siku ya kazi, saa ile ile ya zamu. Kuijaribu Jumapili mchana hakukusaidii, kwani ratiba ya mabasi ya Jumapili ni nyingine kabisa.

Kuchelewa kituoni si suala la adabu tu, ni suala la hesabu. Kanuni zinapanga mlezi mmoja awe na watoto wangapi. England, kwa mfano, ni mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Mlango wa kituo hufungwa muda wote, kwa hiyo ukifika umechelewa lazima mlezi mmoja aache chumba aje akufungulie. Watoto wanaobaki nyuma yake ndio wanaolipia dakika zako kumi.

Jambo jingine la nyumba: ukipewa familia yenye mtoto mdogo, ni bahati, kwa sababu utaisikia lugha ya watoto kila jioni. Ila iandikwe kwenye makubaliano kwamba wewe ni mpangaji, si yaya. Mwenye nyumba akishasikia unasomea malezi, ombi la “mwangalie dakika tano” huja haraka, na dakika tano huzaa saa tatu.

Sasa karatasi. Hapa ndipo vifurushi vingi vinapofeli, na ndipo ofisi nzuri inapojitenga na mbaya. Ofisi nzuri hukutumia orodha ya nyaraka za mazoezi pamoja na barua ya udahili. Ofisi mbaya huitoa kwenye semina, ukiwa umeshafika, na wakati huo nusu ya mambo hayo yalipaswa kufanyika kwenu.

Cheti cha tabia njema kutoka polisi ni cha kwanza, na mara nyingi huombwa kwa kila nchi uliyoishi kwa muda mrefu, si ya kwenu tu. Kichukue kabla ya kuondoka, kwa sababu alama za vidole ukiwa nje huchukua wiki nyingi na barua nyingi. Wengi hushangaa kuombwa cheti hicho ilhali nchi wanayosoma ina ukaguzi wake. Sababu ni kwamba ukaguzi kama ule wa DBS wa England, yaani wa rekodi za makosa ya jinai, hutafuta kwenye kumbukumbu za huko, ulikotoka hauoni. Australia nayo, ukaguzi wa wanaofanya kazi na watoto huendeshwa na kila jimbo kivyake, kwa hiyo maelekezo ya rafiki aliye jimbo jingine yanaweza kukupoteza. Na angalia jina lako. Pasipoti ina majina matatu, kadi ya chanjo ina mawili, cheti cha shule kimekosea herufi moja: kila tofauti kama hiyo inaweza kurudisha maombi yako nyuma. Sawazisha majina kabla hujapanda ndege.

Chanjo zina hesabu yake, na hesabu hiyo haisikilizi haraka. Ya surua, matumbwitumbwi na rubela ni dozi mbili zinazopishana siku 28 au zaidi. Vituo vingi huulizia pia kifaduro, ambacho kwa mtu mzima ni kikohozi kisichoisha lakini kwa kichanga ni hatari ya kufa, na tetekuwanga na homa ya ini aina ya B. Halafu kuna kipimo cha kifua kikuu. Kile cha kuchomwa chini ya ngozi ya mkono husomwa baada ya saa 48 hadi 72, kwa hiyo ukichomwa Alhamisi kinatakiwa kusomwa Jumamosi au Jumapili, kliniki imefungwa, na unaanza upya. Aliyechanjwa BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, utotoni anaweza kuvimba mkono bila kuwa na ugonjwa, hivyo aulizie kipimo cha damu. Tena chanjo ya surua inaweza kukififisha kipimo cha ngozi: vifanyike siku moja, au kipimo kisubiri wiki nne. Jumlisha yote hayo uone kwa nini anayeanza siku ya kufika, kituo chake kikiwa wiki ya sita, hupoteza nafasi. Anza miezi mitatu kabla ya safari.

Semina ya wiki ya kwanza hufundisha kufungua akaunti ya benki, kupanda treni na kutenganisha taka. Ni mambo ya maana, lakini mwanafunzi wetu ana shida nyingine. Mtoto wa miaka miwili anakujia ameshika kikombe kitupu. Anasema silabi moja. Anairudia, sauti inapanda, mdomo unaanza kupinda. Huenda anataka maji, huenda maziwa, huenda anakuambia kikombe ni cha mwenzake. Alama ya juu ya mtihani wa lugha haikusaidii hapo, kwa sababu mtihani haukuwa na maneno ya kukojoa, kubebwa, kidonda, zamu yangu, na lile jina la pekee ambalo kila mtoto amekipa kitambaa chake cha kulalia. Semina yenye thamani inakupa maneno kama arobaini ya namna hiyo, yanavyotamkwa na watoto wenyewe. Kama haikupi, muulize mlezi wa chumba siku ya kwanza: kila mtoto anakiitaje choo, na analiitaje blanketi lake? Andika. Maswali hayo mawili yatakuondolea vilio vingi.

Kitu cha pili ambacho semina ingepaswa kukifanyia mazoezi ni dakika mbili za jioni mlangoni. Mzazi amesimama, funguo mkononi, mkoba begani, na anataka mambo matano: mtoto amekula kiasi gani, amelala kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, choo kimekwendaje, kama ameumia na imeandikwa wapi, na jambo moja zuri alilofanya leo. Jeraha halitangazwi na mwanafunzi peke yake. Linasemwa na mlezi aliyesaini fomu. Mengine jifunze kuyasema kwa sentensi fupi mpaka yatoke yenyewe. Hatari kubwa hapa ni tabasamu la heshima. Wengi wetu tumelelewa kuitikia “ndiyo” kwa mkubwa hata tusipomwelewa vizuri. Mzazi akisema haraka haraka kwamba kesho mtoto atachukuliwa na mtu mwingine, au kwamba dawa ya saa nane isitolewe, na wewe ukatikisa kichwa, umepokea ujumbe ambao hautafika kokote. Sema, “Subiri kidogo, nimwite mlezi wake.” Hakuna mzazi anayekasirishwa na sentensi hiyo.

Simu ibaki kwenye kabati. Picha ya mtoto kwenye stetasi yako, hata mgongo wake tu, inaweza kuyamaliza mazoezi yako siku hiyo hiyo.

Rafiki mwenyeji ni huduma nzuri inayoharibiwa na namna ya kuwapanga. Ofisi hupenda kukuunganisha na mtu wa nchi yako. Inaliwaza, na usilidharau liwazo hilo, lakini omba pia mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi yako. Huyo anajua kituo kipi kinamfundisha mwanafunzi na kipi kinamfanya mfagiaji wa chumba, na viatu gani havitelezi sakafu ikimwagikiwa rangi.

Huduma bora kuliko zote kwa maoni yetu haimo kwenye kifurushi chochote: saa ya hadithi ya watoto kwenye maktaba ya mtaa, na vikundi vya michezo ambako wazazi hukutana na watoto wao. Mtaala wa elimu ya awali wa New Zealand, uliotoka mwaka 1996 na kurekebishwa 2017, unaitwa Te Whāriki, maana yake mkeka uliofumwa, na familia na jamii ni moja ya kanuni zake nne. Kozi yako, popote ulipo, itakutaka ujue mtoto huyu anaimbiwa nini nyumbani, anabebwaje, anaogopa nini. Maktabani unayaona hayo bure, wiki baada ya wiki, kwa sababu kipindi huenda kwa mpangilio ule ule: wimbo wa kukaribishana, kitabu, mchezo wa vidole, kitabu, wimbo wa kuagana. Ndani ya mwezi mmoja unazijua nyimbo ambazo watoto wa kituo chako wanazijua. Siku utakapoachiwa zulia dakika tatu wakati walezi wanaandaa chakula, zitakuokoa.

Ila usiingie kimyakimya. Mtu mzima asiye na mtoto, ameketi pembeni anaandika kwenye daftari, lazima atiliwe shaka, na wazazi wana haki. Nenda siku kabla ya kipindi, jitambulishe kwa mkutubi na kitambulisho cha chuo, eleza unasomea nini, omba kukaa na kusaidia kupanga mito au kukusanya vitabu. Kikundi cha michezo kinaweza kukutaka uwe umeshapita ule ukaguzi wa kufanya kazi na watoto. Uwe nao mkononi. Andika nyimbo, usiandike watoto. Kaa chini kwenye sakafu, acha mtoto aje mwenyewe, wala usimbebe asiye wako hata akikunyooshea mikono, mpaka mzazi aseme. Wiki ya tatu wazazi wataanza kukusalimia sokoni.

Kuna jambo ambalo hakuna kipeperushi kinacholitaja: miezi ya kwanza kituoni utaugua. Mafua, macho mekundu, tumbo. Mwili wako unakutana na vijidudu vya watoto ishirini kwa mpigo. Anayetapika au kuharisha hutakiwa kukaa nyumbani, na kanuni ya kawaida England ni saa 48 tangu mara ya mwisho, hata kama unajisikia mzima. Saa za mazoezi zinazopotea hufidiwa, na hapo ndipo huduma hupimwa: uliza kwa maandishi siku za kufidia zinapangwa lini, na kama bima yako inalipia daktari wa kawaida au kulazwa tu. Upweke nao huja kipindi hicho hicho, mwili umechoka, jua limezama, wenzako wa semina wametawanyika. Namba ya dharura haikuwekwa kwa ajili ya hilo. Kifurushi kinachokuandalia mkutano wa wiki ya nane na wanafunzi wenzako wa mazoezi kina thamani kuliko kile chenye ziara ya kutalii wiki ya kwanza.

Kabla ya kulipa, mwandikie mtoa huduma umuulize: orodha ya nyaraka za mazoezi inatumwa lini, kituo kinatangazwa wiki ya ngapi, na nani atakayenitembelea nikiwa kituoni. Akijibu kwa tarehe na jina la mtu, lipia kifurushi chote. Akijibu kwamba hayo yatapangwa ukishafika, mwombe akuuzie gari na wiki nne za nyumba peke yake, na hizo fedha nyingine peleka kliniki ukaanze dozi ya kwanza.