Ukinunua peke yako: nyumba ya Karen au fleti ya Kilimani?

Kati ya mitaa hii miwili ya Nairobi, kwa bei fleti ya Kilimani haimlemei mnunuzi mmoja kama nyumba kubwa ya Karen, na sheria ya Kenya ya mwaka 2020 inamruhusu kupata hati miliki ya fleti yenyewe. Karen humpa ardhi, miti na utulivu. Lakini uwanja wa nusu ekari hudai mtunza bustani, mlinzi, pampu ya kisima na jenereta ya siku ambazo tawi limeangukia nyaya za umeme, na paa la vigae peke yake ni mradi. Kilimani gharama hizo hugawanywa kwa ada ya huduma, ingawa lifti ikiharibika utawategemea majirani wanaochelewa kulipa. Mwenye akiba ya matengenezo, anayefanyia kazi nyumbani, Karen itamfaa. Msafiri wa mara kwa mara heri fleti.